Kisanduku cha Thelathini

Jumanne, 11 Machi 2025

Masika yameingia leo saa kumi jioni, na bati limevuja palepale pa mwaka jana, juu ya kitanda. Nikasema nitege ndoo. Ndoo humu ndani ninazo kumi na nne, nimezihesabu nikiwa nimekaa, na hakuna hata moja niliyoweza kuifikia bila kwanza kuhamisha kitu kingine, na hicho kitu kingine kilikuwa kimelaliwa na kitu cha tatu. Godoro likalowa. Itabidi nilale upande wa ukutani, upande wa Bernadina, na hilo silipendi.

Ndiyo sababu naandika. Daftari hili nimelikuta juu ya kiti, chini ya feni isiyo na mota. Kurasa mbili za mwanzo zina hesabu za mtoto wa darasa la tano, nadhani za Angel.

Angel ndiye mtoto pekee niliye naye. Anauza dawa za mifugo Handeni mjini, na mumewe Raymond anafundisha hukohuko. Alikuja juzi Jumapili, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kati, akashindwa kuingia. Hakukuwa na mahali pa kuweka mguu. Akaniambia, "Baba, mimi sigombani na wewe. Mwisho wa Mei nakuja na gari. Nikikuta nyumba ya kukaa mtu, sitasema tena. Nikikuta hivi, tunafunga mlango tunakwenda wote Handeni."

Nikamwambia nitasafisha. Akaniangalia miguu, maana nilikuwa nimeshika fremu ya mlango ili nisimame. Tangu nimonia ya Januari nguvu hazijarudi. Kutoka kitandani hadi chooni napumzika mara mbili. Na aliyekuwa akizuia vitu visitufukuze ndani alikuwa mama yake, Bernadina, ambaye tulimzika Agosti.

Sitaki kwenda Handeni. Naandika hapa ili lisomeke. Nyumba hii tuliijenga wawili, Bernadina akichota maji ya tofali na mimi nikifyatua, na kaburi lake liko hapahapa Makuyuni. Huko kwa Angel nitakuwa mzee wa kwenye kochi anayeulizwa kila saa kama amekula.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Sikufanya kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nilitaka kukimaliza chumba cha kati kwa siku moja, ujana ulinipanda kichwani. Nikalivuta gunia la beringi. Halikusogea, nikasogea mimi. Pumzi ikakata, nikajikuta nimekaa chini katikati ya ndoo, na nikakaa hapo karibu saa nzima, siwezi kuinuka wala kuita. Sikuogopa kufa, umri wangu ni sitini na saba na nimeshazika wengi. Niliogopa kukutwa. Watu wangelazimika kutoa ndoo kwanza kabla ya kunitoa mimi.

Wa kunikuta angekuwa Zuena, jirani, mke wa Mhina. Baada ya msiba alikuwa akileta chakula kila siku mbili tatu, sahani imefunikwa kwa kitambaa, na baada ya nimonia hivyohivyo. Tangu katikati ya Februari haleti tena. Ananisalimia juu ya ua wa minyaa, "Shikamoo baba Angel," nami naitikia, basi. Simlaumu. Mfiwa ana muda wake, ukipita watu wanarudi kwenye shughuli zao. Lakini nimeumia, na daftari halina sababu ya kudanganywa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka namfikiria baba. Mzee Lukasi alikuja huku kutoka Songea, manamba wa kukata mkonge. Wakati wao mtu hakuhesabiwa kwa mwezi, alihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye visanduku thelathini. Asubuhi nyapara anakupimia ngwe yako, sehemu yako ya shamba kwa siku hiyo. Ukiimaliza, karani anatia alama kwenye kisanduku kimoja. Usipoimaliza, au ukiumwa, hakuna alama, na kesho unaanza upya. Mwenye kipande kisichojaa haondoki kambini.

Na jambo moja alilirudia mpaka tukalichoka: ngwe ikiisha, toka shambani. Hata kama jua ni la saa nne na mwili bado unataka, usiguse ngwe ya kesho. Waliogusa ya kesho ndio waliolala wiki nzima.

Nimechora kadi nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, visanduku thelathini, kwa rula. Nyapara ni mimi na karani ni mimi. Ngwe ya leo ilikuwa chini ya kiti ninachokalia, hapo tu. Nilikaa kwenye kigoda nikawa navuta vitu kuja kwangu badala ya kuvifuata. Kandambili tano, hakuna iliyo na mwenzake. Betri zilizovimba. Mpini wa jembe ambalo sikumbuki. Vyote kwenye kiroba, kiroba nje kando ya ua. Dakika ishirini na tano. Nikatia alama ya kwanza kwa kalamu.

Nilitamani kuendelea. Nilikaa juu ya mikono yangu mpaka hamu ikapita.

Jumamosi, 15 Machi

Cha pili. Chupa za dawa dirishani, thelathini na nane. Mwanga umeingia.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Kisanduku kitupu.

Jumatano, 19 Machi

Jana cha tatu, leo cha nne. Vyote viwili ni mikanda ya korona, na bado haijaisha. Korona ni mashine ya kukamua mkonge. Jina hilo tulikuwa nalo miaka mingi kabla ya ule ugonjwa. Nilikuwa fundi wake miaka thelathini na moja. Mashine yenyewe ilishauzwa chuma chakavu, lakini mikanda yake iko kwangu inaisubiri irudi. Bernadina alikuwa akiiruka kila siku na beseni kichwani. Hakunigombeza hata mara moja kwa hilo, alikuwa anasema tu, "Nimeruka, mwenzangu," ili nijue.

Jumatatu, 24 Machi

Cha saba. Zuena amechukua ndoo mbovu tatu nilizoweka nje. Nimemwona dirishani, anaigeuza ndoo, anaipiga kitako kwa vidole, anaipenda. Chakula haleti, lakini ndoo anabeba.

Jioni nimeziona kwake, ametia udongo, amepanda vitunguu.

Jumanne, 25 Machi

Hakuna. Miguu imevimba.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Tangu asubuhi harufu ya pilau ya kwa Zuena inapita juu ya ua, na sauti za wageni wake. Mwaka jana siku kama ya leo tulikula mimi na Bernadina mpaka tukafungua vifungo. Leo nimesubiri. Naona aibu kuandika kwamba nilijipiga maji usoni nikavaa shati, lakini nilivaa. Saa nane kuna mtoto aligonga mlango, nadhani wale wanaopita kuomba chochote cha sikukuu. Nilikuwa nimeshajilaza, sikuwa na cha kumpa, nikanyamaza mpaka akaondoka.

Nimekula uji. Ngwe ya leo nimeifanya kwa hasira, ndiyo maana ilikwisha haraka: rafu ya juu, redio tatu zisizo na matumbo. Cha kumi.

Alhamisi, 3 Aprili

Cha kumi na moja. Kwenye droo ya Bernadina nimekuta kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Kucha zake hakuzipaka kamwe, ilikuwa ya vyombo. Kila shughuli ya hapa mtaani wanawake wanaazimana sahani, na kila mmoja ana alama yake chini ya kitako cha sahani ili zisipotee. Yake ilikuwa B. Rangi imekauka. Nimeitia tone la petroli, nikaitikisa nusu saa, imeamka. Leo alama nimetia kwa hiyo, kisha nikazirudia zote kumi za nyuma.

Kadi imependeza. Nikakaa nayo mkononi sina wa kumwonyesha.

Jumanne, 8 Aprili

Cha kumi na nne, na leo nina maneno.

Ngwe ilikuwa mkebe mmoja tu. Mkebe wa majani ya chai, wa zamani, ulikuwa chini ya gunia la beringi ambalo sasa nalipunguza kwa beringi nne nne. Ndani kuna vyeti, rozari iliyokatika, na kadi ngumu ya rangi ya udongo, kona moja imeliwa na panya. Kipande cha baba.

Alama ziko ishirini na tisa. Nimezihesabu kwa ncha ya kisu, mara tatu. Kisanduku cha mwisho ni kitupu.

Nikiwa mtoto watu walikuwa wakimuuliza, "Lukasi, Songea unarudi lini?" Naye anajibu, "Kipande hakijajaa." Wote wanacheka, tukijua ni utani, maana alikuwa amejaza vipande mia na zaidi. Kumbe alikuwa nacho kimoja kweli, amekificha kwenye mkebe. Sijui kama siku ya thelathini aliumwa, au aliiacha kwa makusudi. Mama yangu alikuwa wa kambini hapa. Nahisi baba naye alikuwa ameshakuwa wa hapa kabla ya kile kisanduku. Alikaa miaka arobaini na sita na tukamzika hapahapa.

Nimemkumbuka sana. Nimelia kidogo, kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kumsumbua.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku nane sikuandika. Kifua kilirudi, homa, na mvua haikunyamaza, mashamba ya bondeni yamelala maji. Nilikunywa dawa zilizobaki za Januari. Angel alipiga simu kila jioni nikamwambia naendelea vizuri, na simu ikikatika nakohoa nilichokuwa nimekibana.

Kadi iko ukutani na mistari yake mitupu. Sikuigusa, wala yenyewe haikunisema.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Watu wa jumuiya wamekuja baada ya misa, saba, wakiongozwa na Getruda mwenyekiti wetu. Nikafurahi mno. Nilikuwa nimeshatoa viti sebuleni, viti vya plastiki kumi na kimoja, wakapata pa kukaa wote. Getruda akakigeuza cha kwake, akasoma chini, akasema, "Jamani, hivi si viti vya jumuiya? Tumevitafuta tangu msiba!"

Kweli. Vilibaki Agosti, vikapandwa na vitu, nikasahau kama ni vya watu. Wakacheka, nami nikacheka. Wakaniombea, wakanywa maji, wakaondoka kila mtu na kiti kichwani, wengine viwili. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wanavyopita kwenye matope. Ndani kimebaki kiti kimoja, changu.

Nimekiita kisanduku cha kumi na tano, ingawa ngwe waliifanya wao.

Jumanne, 22 Aprili

Cha kumi na sita. Magazeti.

Jumamosi, 26 Aprili

Cha kumi na tisa. Chumba cha kati sakafu inaonekana kuanzia mlangoni hadi dirishani. Nilikuwa nimesahau kwamba tuliipaka nyekundu.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo ni kabati la vyombo, na limenitoa jasho bila kuinua kitu kizito.

Nilikuwa najua ziko humo, ndiyo maana nililiacha nyuma. Sahani tisa za Zuena. Zina Z chini, tena kwa rangi ileile nyekundu, kwa mwandiko wa Bernadina, maana siku moja walikaa wawili kibarazani wakatia alama vyombo vya nyumba zote mbili.

Mambo yalikwenda hivi. Zuena akileta chakula, nakula, naiosha sahani. Sasa sahani ya mtu hairudishwi tupu. Bernadina alikuwa akitia chochote, hata vitunguu viwili, hata chumvi ya karatasini. Mimi nilikuwa sina kitu. Nikasema nitasubiri nipate. Ikaja ya pili, nikasema nitarudisha mbili pamoja. Ikaja ya tatu. Zilipofika tano nikaona haya hata kuziangalia, nikafunga kabati. Naye akawa hadai, na angedai vipi vyombo kwa mfiwa?

Tisa. Nimezipanga mezani. Kisanduku cha ishirini, lakini sikujisifu.

Ijumaa, 2 Mei

Cha ishirini na mbili. Vyandarua vilivyochanika.

Jumapili, 11 Mei

Mvua kubwa saa tisa. Bati likavuja palepale. Nikasimama, nikachukua ndoo, nikaiweka. Nimebakiza ndoo mbili tu na zote najua zilipo. Nilikaa kitandani nikisikiliza matone yakigonga kitako cha ndoo, nikafurahi peke yangu kwa muda mrefu.

Cha ishirini na sita kilikuwa jana.

Jumamosi, 17 Mei

Mlimau wangu wa nyuma umezaa safari hii. Nimechuma malimau tisa, nikaziweka sahani kwenye beseni na malimau juu yake, limau moja kwa kila sahani. Kutoka kwangu hadi kwa Zuena ni hatua sitini. Nilipumzika mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeegemea ndoo zangu mwenyewe zenye vitunguu vyake.

"Hodi."

"Karibu. Eee, baba Angel! Umetembea? Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta vyombo vyako. Nisamehe, nimevikalia sana."

Akapokea beseni. Akaziangalia. Nilidhani atafurahi, uso ukamshuka.

"Zote?" akasema.

"Zote tisa."

Akakaa kwenye jamvi. Ndipo akaniambia, na nayaandika kama alivyoyasema. "Baba Angel, mimi vyombo viliniisha. Nilikuwa na sahani kumi na mbili. Tisa zilikuja kwako, zilizobaki tatu ndizo tunazolia chakula sisi. Nikawa nimepika, nakupakulia kwa macho, sina pa kutia. Kukudai nikaona haya. Siku ya Idi nilitia pilau kwenye kifuniko cha hotipoti nikamtuma mwanangu, akarudi nayo, anasema babu kalala."

Miezi mitatu nimemkasirikia mtu ambaye sahani zake nilikuwa nimezifungia kabatini.

Tukacheka kidogo, lakini yeye alicheka nusu tu. Nilipoinuka akauliza, "Kwa hiyo safari lini?" Nikauliza safari gani. Akaniangalia tu, akasema, "Haya, baba Angel. Mungu atakusaidia." Nikadhani anasemea safari ya kurudi nyumbani hizo hatua sitini.

Cha ishirini na nane.

Jumanne, 20 Mei

Angel kapiga, sauti ina furaha. "Baba, nimesikia kazi unayofanya. Raymond naye amefurahi sana." Nikamwambia aje aone. Akasema anakuja tarehe thelathini na moja na gari la mzigo. Sikuuliza gari la mzigo la nini, nilidhani anapeleka bidhaa zake.

Alhamisi, 29 Mei

Cha ishirini na tisa: beringi za mwisho, isipokuwa moja niliyobakiza ya kushikia karatasi. Imebaki meza ya sebuleni peke yake. Ngwe ya mwisho ni meza isiyo na kitu juu yake. Nitaifanya Jumamosi asubuhi kabla Angel hajafika, aikute ikiwa imefutwa.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika jioni.

Angel alifika saa tatu, mapema kuliko nilivyotegemea. Meza nilikuwa nimeshaiondoa vitu, bado kuifuta. Gari likasimama nje, pikapu yenye turubai, na dereva wake, Enock, akabaki ndani ya gari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Akapita vyumbani. Aliingia chumba cha kati, akasimama katikati, akageuka polepole akiangalia kuta. "Baba, hii umefanya peke yako?"

Nikamwonyesha kadi mbili, ya babu yake na yangu. Akazishika muda mrefu. Akanikumbatia, jambo ambalo hatufanyi sana kwetu. Kisha akafuta macho, akasema, "Haya, tupakie. Enock ana safari nyingine mchana."

"Tupakie nini?"

"Si umekubali? Zuena alinipigia. Anasema baba yako amerudisha vyombo vyote vya watu, viti ametoa, ndoo anagawa. Baba, nimenunua kitanda. Raymond amepaka chumba rangi."

Hapo ndipo nilipoelewa uso wa Zuena siku ile kwenye jamvi. Nani anarudisha sahani tisa kwa mara moja, kama siyo mtu anayehama? Nilikuwa natoa vitu ili nibaki, na mtaa mzima umekaa unaniaga.

Nikasema, "Angel, ulisema ukikuta nyumba ya kukaa mtu, hutasema tena."

"Nilisema hivyo kwa sababu nilijua huwezi!"

Likamtoka, akajiziba mdomo. Akakaa kwenye kiti kile kimoja, akaanza kulia. Sikumwona akilia hivyo hata siku ya maziko, maana siku ile alikuwa anapokea wageni. "Simu ya msiba wa mama ilikuja saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Tangu siku ile, simu ikilia mapema, nashika ukuta kwanza ndipo naangalia jina. Kila siku, baba. Nikiwa dukani nakuona umeanguka kwenye zile ndoo."

Sikumwambia kwamba nilianguka kweli. Miezi mitatu nilijiandaa kubishana na mtu mkali, akaja mtu anayelia. Nilisimama mbele yake nikiwa nimeshika meza, na nilishafungua mdomo nimwambie twende. Nataka daftari lijue hilo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Hodi hapa."

Zuena, na sahani imefunikwa. "Nimesema msisafiri na njaa." Akaiweka mezani, akaona macho ya Angel, akataka kurudi nyuma. Wali na kunde, bado moto. Nikaiinua kidogo nikaangalia chini, sijui kwa nini. Z nyekundu, mkia umepinda kidogo kama Bernadina alivyokuwa akiupinda.

Nikamuuliza, "Zuena, hii nitairudishaje kutoka Handeni?"

"Utaiacha tu hapa, baba Angel. Nitaichukua."

"Tupu?"

Hakuna mwanamke wa hapa ambaye angejibu ndiyo.

Angel akasema, amechoka, "Baba, tunakula, tunaiosha, tunatia sukari, tunamrudishia, tunaondoka."

"Sukari imekwisha," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Wa kwanza kucheka alikuwa Zuena. Angel akacheka akiwa bado analia. Nikakaa kwenye kigoda nikamshika mkono. Nikamwambia naogopa pia. Nikamwambia Handeni nitakuwa na chumba kilichopakwa rangi na sitakuwa na mtu hata mmoja anayeijua sauti ya mama yake. Nikamwambia kipande changu hakijajaa, bado meza, na meza ina sahani ya watu.

Ni Zuena aliyetutoa hapo. Akapiga magoti karibu na kiti cha Angel. "Dada, nisikilize. Saa moja asubuhi, jua limeshatoka, nitamwona kwa macho yangu, halafu nitakupigia mimi. Kila siku. Alfajiri hakuna simu. Siku ambayo saa mbili imefika sijapiga, ndiyo uje na gari."

Angel akamwangalia, akaniangalia mimi. "Mpaka vuli," akasema. "Vuli nakuja tena, na sitaki kukuta ndoo."

Tukala watatu kwenye sahani moja. Enock alipelekewa chakula chake huko kwenye gari. Wakaondoka saa sita, pikapu tupu, turubai limekunjwa nyuma. Nilipunga mkono mpaka walipokata kona, na baada ya hapo nikapunga tena bila sababu.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imeacha. Saa moja asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba na mswaki, nikamsikia Zuena juu ya ua na simu, anapiga kelele kama Handeni iko ng'ambo ya mto: "Ameamka, dada! Anapiga mswaki! Ndiyo, amesimama mwenyewe!"

Kisha siku ikawa ndefu. Nimepita vyumbani bila kuruka kitu. Nimekohoa kwenye chumba cha kati, ukuta ukanijibu. Sikujua kwamba yale makorokoro nayo yalikuwa yananipa kampani. Nyumba imebaki mikononi mwangu kama nilivyotaka, na Bernadina hayumo hata chini ya rundo. Nilikuwa nadhani labda yumo.

Kadi iko ukutani, ishirini na tisa nyekundu. Rangi imebaki tone moja kwenye kichupa, nimekaza kifuniko.

Sahani ya Zuena iko mezani, nimeiosha. Malimau yamekwisha mtini, na bado sijajua nitatia nini.